Milioni Isiyokuwepo

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini unaisoma barua hii ukiwa mzima, na lile goti lako limeacha visa. Sisi huku hatujambo. Mama anakula vizuri na analalamika vizuri, kwa hiyo afya ipo. Kule ghorofa ya tatu tulikokuwa tumepanga alikuwa akishuka mara moja kwa mwezi, tena kwa kubebwa na mimi na mlinzi kama kabati. Sasa kila asubuhi anatoka mwenyewe na fimbo yake, anakaa barazani, anakagua wapita njia na kutoa maoni ambayo hakuna aliyemwomba.

Najua utashangaa kupata barua kutoka kwa mtu ambaye hata risiti za wateja huandikiwa na mkewe. Nimeona nikusimulie tulivyoinunua nyumba hii, kwa sababu kwenye simu nilikupa vipande vipande.

Unanijua nilivyo kwenye kupatana bei. Nikiambiwa viatu ni elfu kumi, natoa kumi na kumshukuru muuzaji kwa kunihudumia. Miaka hamsini na moja nimeishi hivyo, na wauza viatu wananipenda. Basi shemeji yako akaamua kunifunza. Wiki nzima, kila tukimaliza kula, yeye alijifanya muuzaji na mimi mnunuzi, tukapatana bei ya meza yetu wenyewe. Siku ya kwanza niliinunua kwa bei iliyozidi ile ya dukani. Siku ya nne nilimshusha hadi nusu, akacheka mpaka akajifuta machozi, akasema sasa nimekomaa.

Mwenye nyumba ni mwalimu mstaafu, mzee wa miwani minene, na alitaka milioni arobaini na tano. Dalali ni yule uliyetuunganisha naye, rafiki yako wa shule anayeitwa Taratibu kwa kuwa hajawahi kuharakishwa na mtu. Sisi tulikuwa na arobaini, na juu yake hakukuwa na hata senti. Ndani ya hiyo arobaini zilikuwamo milioni tatu za shemeji yako, alizojinyima miaka sita apate oveni ya kuokea mikate. Tukakubaliana tupiganie thelathini na saba, oveni ipone.

Kikao cha kwanza nilisema thelathini na tatu bila kumwomba mzee radhi. Cha pili nikaonyesha ufa wa sakafuni, bomba la uani linalovuja, na lile bati la jikoni linaloonyesha mbingu. Mzee akashuka hadi arobaini na moja. Cha tatu, mdogo wangu, laiti ungeniona. Nilinyamaza. Shemeji yako alinifunza kwamba ukishataja bei yako unafunga mdomo, nami niliufunga mpaka meno yakauma. Mzee akakuna kidevu, akasema thelathini na tisa. Nikatikisa kichwa. Akasema thelathini na nane. Chini ya meza shemeji yako akanikanyaga mguu, na kwa namna alivyokanyaga nilijua amefurahi.

Hapo Taratibu akamwomba mzee watoke kidogo barazani. Waliporudi, mzee hakukaa. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaniambia:

"Fundi, mimi na wewe watu wazima. Unayo arobaini na moja na laki tatu. Kwa nini nikuuzie kwa thelathini na nane?"

Akasema chini ya hiyo arobaini na moja na laki tatu hateremki, na Taratibu akaongeza kwamba yuko mteja mwingine wa fedha taslimu, anakuja kesho yake saa nne. Shemeji yako alinigeukia. Yeye alijua tuna arobaini kamili. Alinitazama kama mtu aliyekuta simu ya pili mfukoni mwa mumewe.

Nilikubali. Notisi ya kuhama ilikuwa imebaki siku tisa, na nyumba zote nyingine tulizoonyeshwa zilikuwa za kupanda ngazi. Oveni ikaenda. Ile milioni moja na laki tatu iliyopungua nilichukua kama malipo ya awali ya sare za shule, na sasa nashona kaptula mia mbili na arobaini ambazo fedha yake imeshaliwa na kuta.

Njiani shemeji yako aliniuliza mara moja tu hiyo ya juu nimeitoa wapi, na nimemficha tangu lini. Nikamwambia sina nilichoficha. Nikasema ni mdomo wangu, nilijisifu mbele ya Taratibu nilipokuwa nikimpima suruali. Hakuuliza tena. Aliamini papo hapo, maana ni jambo linalofanana nami kabisa. Ila siku hizi akihesabu mapato yake ya maandazi ananipa mgongo.

Mdogo wangu, sikumwambia Taratibu kitu. Wala hiyo fedha haikuwepo popote duniani. Unaijua tabia yangu ya ufundi: nikipima kiuno lazima nitie inchi za akiba, nisije nikaumbuka. Siku moja kabla ya kikao cha tatu uliponipigia karakanani, ukaniuliza mwisho wetu ni ngapi ili utushauri, niliona haya kukutajia arobaini kavu. Wewe una nyumba tangu ukiwa na miaka thelathini, na mimi ndiye mkubwa. Nikatia akiba. Nikakwambia arobaini na moja na laki tatu. Niliitunga wakati huohuo, pini zikiwa mdomoni. Sijaitamka kwa mtu mwingine yeyote, hata kwa mke wangu.

Wiki iliyopita Taratibu alikuja kuchukua suruali yake. Akaisifu, akakusifu na wewe. Akasema wewe ni mtu wa kazi, mgao wako wa udalali ulikufikia siku ileile, laki nne. Alidhani najua. Nikamfungia suruali kwenye gazeti, nikamwambia aivae salama.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu huwa unanichekesha, na safari hii sitaki kucheka. Laki nne sizitaki. Ungeniomba ningekukopea. Ninalotaka ni uje, ukae sebuleni kwetu, umwambie shemeji yako kwa mdomo wako mwenyewe namba ile ilitoka wapi. Nimekusitiri kwa ujinga wangu kwa sababu ujinga ndio kitu changu pekee ambacho kila mtu anakiamini. Lakini ananipa mgongo, na miaka ishirini na sita hajawahi. Nikimaliza kaptula ya mwisho hujaja, nitamwambia mimi, na Mama atakuwa anasikia.

Mama anakusalimu. Anauliza utakuja lini uone anavyotembea. Shemeji yako naye anakusalimu sana. Anasema katika familia hii mwenye akili ya biashara ni wewe, na laiti tungekutuma wewe ukatupatanie bei. Nimeyaandika kama alivyoyasema.

Ni mimi kaka yako,

Fundi