Aliyeanza kwa Kushoto

Mpendwa Dada,

Pokea salamu zangu, na pole kwa mafua. Mwanao aliniambia kwenye simu kuwa sauti imekukauka kabisa. Sisi tu wazima wa mwili. Moyo wangu ndio haujatulia, na hilo siwezi kumweleza mwingine ila wewe.

Unajua nilivyoisubiri ile nafasi ya mbele katika bendi, ya mpiga ngoma ndogo anayetangulia peke yake. Mzee aliyeishika amestaafu, nikajua ni yangu. Kila jioni niliweka kipande cha mpira kwenye meza ya jikoni nikarudia mapigo yale yale: kulia, kushoto, kulia, kulia, kushoto, kulia, kushoto, kushoto. Vifuniko vya sufuria vikatetemeka navyo.

Basi shemeji yako, akishafunga kibanda chake cha kushona viatu, akaniomba nimfundishe, eti asikae bure huku mimi natwanga meza. Nikaona raha. Haikudumu. Mtu aliyezoea nyundo tangu ujana, kifundo cha mkono kimeshalainika. Vijiti vinamdundia vyenyewe, vile ambavyo mimi nimevihangaikia miaka. Kiongozi wa bendi alipopita kwetu, akamsifu mbele yangu na kumwalika siku ya kuchaguliwa, nilitabasamu mpaka mashavu yakauma. Dada, nilimwonea mume wangu wivu wa kukosa usingizi.

Nikafanya jambo. Katika bendi sote huanza kwa kulia, ili vijiti viinuke pamoja. Mimi nikamwambia wakongwe huanza kwa kushoto. Nilitaka siku ya kuchaguliwa awe kituko katikati ya mstari.

Siku ilipofika, kijiti chake kiliinuka peke yake upande wa pili. Watu wakaguna, nami nikainama kuficha kicheko. Kiongozi akamtoa mstarini, akamtaka apige peke yake, akafumba macho kumsikiliza. Akasema hajapata kusikia mkono wa kushoto wenye nguvu sawa na wa kulia namna ile. Wa sisi wengine wote, alisema, umelala. Nafasi ya mbele akampa yeye, kwani wa mbele hutangulia peke yake, hana wa kuinua vijiti pamoja naye. Mimi nimebaki nilipokuwa.

Nyumbani nikamwambia ukweli wote. Akaendelea kukaza uzi wa kiatu alichokuja nacho, akasema alijua tangu siku ya pili, maana aliiona mikono yangu ikianza kwa kulia. Nikamuuliza kwa nini basi alinifuata. Akasema nilikuwa nimeanza kumnunia, na alipoanza kwa kushoto nikachangamka tena, naye alitaka tu tuendelee kukaa meza moja.

Angenigombeza ningepona. Sasa naionea wivu mikono yake, na roho yake pia, na kesho bendi ikitoka nitatembea nyuma ya mgongo wake.

Nibusie watoto, kunywa vitu vya moto, na haya yasimfikie mama.

Ni mimi mdogo wako,
nikupendaye.