Maranda ya Jumapili

Jumatatu, 6 Agosti

Ofisini kutwa. Mihuri, mafaili. Nimerudi nyumbani Bonga kwa miguu, viatu vyeupe kwa vumbi. Kaka Elia yuko karakanani nyuma ya nyumba, anaranda mbao za kitanda. Mashine mpya ya kufyonza vumbi inanguruma. Mimi ndiye niliyemshawishi ainunue, kwa ajili ya kikohozi cha Bibi. Sasa vumbi lote linapita kwenye bomba na kushukia ndani ya pipa. Hewa safi. Nimejiona mtu wa maana.

Jumatano, 8 Agosti

Nimesoma kijitabu kilichokuja na mashine. Kinasema pipa limwagwe kila siku, mbali na nyumba. Letu limejaa, na magunia ya maranda yameegemea ukuta ambao upande wa pili ni chumba cha Bibi. Mama Neema, mke wa kaka, ndiye anayeyatunza. Jumapili jioni majirani, akiwemo Mama Zuhura, huja na ndoo kuchukua maranda ya majiko yao. Kuwaambia hakuna ni aibu.

Nimemweleza kaka hatari ya moto. Akacheka mbele ya wateja. "Karani, wewe hata uji wa baridi unaupuliza." Wakacheka wote. Nami nikacheka. Sitasema tena.

Jumamosi, 11 Agosti

Kaka amepasua mbao kuukuu za nyumba iliyobomolewa huko Singe. Msumeno ukagonga msumari. Cheche zikaruka, nikaziona zikivutwa ndani ya bomba. Nikasema, kwa sauti ndogo, tumwage maji kwenye pipa.

Mama Neema akageuka. "Tuyaloweshe? Kesho Mama Zuhura atapikia nini, shemeji?"

Kaka akafunua pipa, akachungulia, akanusa. Hakuna kitu. Akazima mashine, akafunga mlango.

Cheche ndani ya maranda haionekani. Inakula chini kwa chini. Nilijua hilo, na bado nikaenda kupiga pasi shati.

Jumapili, 12 Agosti

Wote walikwenda kanisani. Nilibaki na Bibi, mama yake baba, aliyeletwa kutoka Mbulu kutibiwa miguu. Hawezi kusimama bila kushikwa. Nilidhani amelala.

Harufu kwanza. Nikafungua mlango wa nyuma. Moshi ulikuwa unatoka chini ya mlango wa karakana, kisha mwali ukatokeza juu ya ukuta.

Nikakimbilia chumbani kwangu. Nikachomoa bahasha ya vyeti vyangu vya shule chini ya godoro. Nikaelekea mlango wa mbele. Mlango wa Bibi ulikuwa wazi kidogo. Nikaupita.

Nikasimama barabarani, bahasha kifuani. Mama Zuhura, mwenye duka mbele yetu, akaja mbio na ndoo ya maji.

"Bibi yuko wapi?"

Akanitazama, akaitazama bahasha.

"We mtoto! Bibi yuko wapi?"

Akajimwagia ile ndoo mwilini, akaingia. Akatoka amembeba Bibi mgongoni.

Vijana wa bodaboda walizima moto kwa maji na mchanga. Karakana imekwisha. Mashine imekwisha. Ukuta wa Bibi umepasuka, godoro lake limeungua. Bibi ameungua mkono wa kushoto.

Vyeti vyangu ni vizima.

Jumatatu, 13 Agosti

Nimekwenda kazini. Vijana wa bodaboda wameniita pale kona: "Mambo, Bahasha!" Nikajibu poa. Poa!

Nimempa Mama Zuhura shikamoo. Marahaba yake ilikuwa fupi.

Jioni kaka akauliza ilikuwaje. Bibi akanitangulia: "Mimi ndiye niliyemtuma akaite watu." Kaka akanishika bega, akanishukuru. Mama Zuhura alikuwepo, alikuwa ameleta uji. Akatazama sakafu tu.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Sikusema. Sasa mimi ni mwoga mara mbili.

Jumatano, 15 Agosti

Ninajichukia.

Jioni nilimfuata kaka kwenye majivu. Nilimwambia yote. Bahasha, mlango, Bibi kunifichia. Aliendelea kuokota misumari. Kisha akasema, "Na mimi niliambiwa habari ya pipa."

Hatukutazamana. Nikachuchumaa, nikaokota naye.

Jumamosi, 18 Agosti

Bibi sasa analala chumbani kwangu, mimi sebuleni. Leo nimembadilishia bandeji. Ngozi mpya imeanza kuja.

Aliomba kuiona bahasha. Hajui kusoma. Alivitoa vyeti kimoja kimoja, akapitisha kidole kwenye mihuri. Kimoja alikishika juu chini. Sikumrekebisha.

"Havikuungua hata pembeni," akasema.

"Hapana, Bibi."

"Nilikuwa macho siku ile, mjukuu wangu. Nilikuona ukipita."

Akavirudisha polepole, kwa mkono ule mzima, akaninyooshea bahasha. Kisha akainua kichwa kidogo.

"Weka hapa, chini ya mto wangu. Siku nyingine ukivifuata, utanikuta."

Nikaiweka. Akalaza kichwa, akafumba macho. Nje Mama Zuhura alikuwa anapepea jiko lake. Wiki hii anapikia mkaa.