Mazette Anatazama Nyuma

Rochefaing, 2 Septemba 1984

Mwanangu Rémy,

Salamu zikufikie huko kwenye joto lenu. Unakula? Miguu imeacha kuvimba? Mimi mzima. Magoti ni yale yale, na masikio unayajua: padri akihubiri naona midomo tu inacheza, wala sioni kama nimekosa kitu. Viazi tumeshachimba. Odon jirani kanisaidia, na kama kawaida yake kanicheka kutwa nzima.

Sasa kaa chini. Jana nimempanda Mazette, farasi wa baba yako.

Usipige kelele, meli nzima itakusikia. Nilivaa suruali ya marehemu baba yako, nikausogeza mkokoteni karibu na ukuta, nikapanda juu ya mkokoteni, na kutoka pale nikajitupa mgongoni kwake kama gunia. Tandiko sikuweka, maana tandiko la kumtosha yule halijashonwa bado. Jamani, ni mpana! Ni kama kukaa juu ya meza ya jikoni, ila meza yenyewe ina joto na inapumua. Miguu yangu ilitoka huku na huku kama mikono ya msalaba, na nilicheka mpaka nikaogopa kuanguka kwa kucheka.

Unajua tangu lini naitaka raha hii? Nilipokuwa msichana, baba yangu alinipandisha juu ya farasi wa kazi jioni wakitoka shambani, minyororo inalia, na mimi juu kule najiona malkia wa Ubelgiji. Nikaolewa na baba yako. Nikamwomba. Akasema, "Huyu ni farasi wa kuvuta magogo, Mélanie, si kiti." Nikanyamaza. Mimi, kunyamaza! Basi ujue nilimpenda mtu yule.

Sasa Anselme yuko makaburini tangu Februari, farasi yuko bandani ananenepa bure, na magoti yangu yamekataa kumfuata kwa nyuma. Umebaki mgongo tu.

Shida ni moja. Alienda hatua chache, akasimama, akageuza shingo yake yote akatazama nyuma. Hakunitazama mimi. Alitazama njia. Nikamwambia, "Haya mama, twende," masikio yakarudi nyuma, yakatafuta, yakatafuta, na miguu haikutoka. Miaka yote baba yako alitembea nyuma yake na gogo katikati yao. Hajawahi kusemeshwa na mtu aliye juu. Anamsubiri, Rémy. Nilimlalia shingoni tukabaki pale wawili kama wajinga, hata machozi yalinitoka kidogo.

Odon aliona yote kutoka kwenye trekta. "Mélanie," akasema, "hiyo sanamu mmeletewa na serikali?"

Nitamjibu siku nyingine.

Mama yako


Bahrain, 23 Septemba 1984

Mama yangu mpendwa,

Nimepokea barua yako na nashukuru kusikia u mzima. Mimi pia sijambo. Tunachimba mchanga wa chini ya bahari usiku na mchana, bahari hapa ni ya moto kama supu, na mpishi wetu hajui kiazi kinakaangwaje. Miguu imepona.

Mama, unataka kuniua? Una miaka sitini na saba. Yule farasi ana uzito wa karibu tani nzima, na ukianguka kutoka juu ni kama umeanguka kutoka dirisha la ghorofani. Nani atakuokota? Odon? Atacheka kwanza.

Nitasema wazi, na usikasirike. Nilipofika nyumbani Februari, Baba alikuwa ameshazikwa jana yake. Nilisimama pale na begi mkononi, hakuna cha kufanya. Sitaki habari ya pili ya namna ile. Majani makavu ya kumlisha wakati wote wa baridi nani atayabeba? Wewe, kwa magoti hayo? Nimemwandikia Lambert, mchuuzi wa farasi, apite amtazame. Atamchukua baada ya sikukuu ya Watakatifu Wote. Nimemwomba amtafutie watu wazuri wenye shamba.

Baba mwenyewe asingekubali umpande. Unajua hilo.

Nakubusu mashavu yote mawili.

Mwanao Rémy


Rochefaing, 8 Oktoba 1984

Rémy,

Mzima mimi, asante kwa kuuliza. Damu tu ndiyo imepanda.

Lambert amekuja. Alinivulia kofia, akanisifia kahawa, kisha akaingia bandani akamshika Mazette makalio. Hakutazama meno, hakuinua kwato. Makalio tu, anayabonyeza, kama mimi ninavyobonyeza nyama buchani Jumamosi. Watu wazuri wenye shamba! Farasi wa umri ule Lambert anampeleka mahali pamoja tu, na mahali penyewe pana ndoano za kutundikia nyama ukutani. Wewe umezaliwa hapa, unajua kama ninavyojua. Nilimpa kofia yake nikamwonyesha mlango.

Lakini mimi si mtu wa kuendeshwa na hasira peke yake. Kuhusu majani umesema kweli, sikatai. Farasi asiyetembea wala asiyefanya kazi, hata mimi siwezi kumtetea miaka yote. Basi sikiliza. Tarehe tatu Novemba ni sikukuu ya Mtakatifu Hubert, farasi wote wanapelekwa kanisani kubarikiwa. Nikifika pale nikiwa juu ya mgongo wa Mazette, hauzwi, na wewe hutafungua mdomo tena. Nikishindwa, nitamfunga kamba mwenyewe na kumkabidhi Lambert kwa mkono wangu huu. Kubali au kataa, ila ujibu kama mwanamume.

Hali yenyewe, nikuambie ukweli, ni mbaya. Nampanda kila siku. Kila siku hatua chache, anasimama, anatazama nyuma. Nimejaribu karoti. Nimejaribu kumbembeleza. Nimejaribu matusi ya baba yako, yale ya msituni, na mke wa mwokaji mkate alikuwa anapita.

Juzi nikapata akili. Nikamvika Odon koti la Anselme na viatu vyake, nikamwambia atembee nyuma. Mazette akanusa hewa, akaanza kwenda! Tukafika mpaka kwenye kisima. Nikaanza kushukuru watakatifu wote kwa majina. Ndipo yule mpumbavu akashindwa kujizuia akasema, "Mheshimiwa malkia, tunaelekea wapi?" Farasi akasikia sauti si yenyewe. Akasimama, akainua mkia, akamjambia Odon usoni. Mimi nilisema amejibu vizuri. Lakini tangu siku hiyo haendi hata kisimani.

Nimechoka kidogo, mwanangu. Usimwambie mtu.

Mama yako


Bahrain, 21 Oktoba 1984

Mama,

Salamu. Pole kwa uchovu. Huku joto limepungua, na mimi ni mzima.

Nimekubali. Nimeisoma barua yako kwenye meza ya kulia chakula, nikacheka peke yangu mpaka wenzangu wakanitazama. Lakini nakuomba, ukishindwa usiendelee kumlazimisha. Na uvae kofia ngumu. Kuna ile ya Baba ya msituni.

Nilipomaliza kucheka nikamkumbuka Baba kwa namna ambayo sikuwa nimemkumbuka tangu Februari. Wewe Jumapili ulikuwa unapika, sisi tulikuwa tunampeleka Mazette mtoni kunywa maji. Hakuna gogo, hakuna kazi, siku ya mapumziko. Na Baba alikuwa akitembea nyuma yake akiburuta mnyororo chini kwa mkono, mnyororo mtupu, njia nzima mpaka mtoni na kurudi. Nilimuuliza kwa nini anajichosha. Akasema, "Asipousikia anadhani nimebaki msituni." Nilikuwa mdogo, nikaona ni jambo la kawaida. Leo hapa, katikati ya maji, nimeshindwa kuendelea kula.

Basi tu, nimekusimulia. Usije ukafanya wazimu wowote kwa sababu ya maneno haya.

Naogopa barua hii itafika sikukuu imepita.

Mwanao Rémy


Bahrain, 17 Novemba 1984

Mama,

Hujambo? Naandika tena bila kupata jibu lako. Sikukuu imepita wiki mbili. Mfuko wa barua umekuja mara mbili, wenzangu wote wamepata, hata mpishi. Mimi hakuna.

Kama umekasirika, kasirika kwa maandishi. Kama ulishindwa na Mazette ameondoka, niambie tu, sitasema neno. Nimemwandikia Lambert kwamba mpango umevunjika, asiguse kitu. Sijui kama nimechelewa.

Mama, yule farasi simjali. Abaki, ale majani yote ya Ubelgiji, nitayalipia mimi. Niambie tu kama unasimama kwa miguu yako miwili.

Mwanao


Bahrain, 27 Novemba 1984

Mama, neno moja. Hata tusi.

Rémy


Rochefaing, 12 Desemba 1984

Mwanangu, mwanangu, mwanangu,

Niko hai! Nasimama, nakula, natukana. Barua zako mbili nimezipata, ile ya pili imenitia aibu kuliko maungamo. Tazama mwandiko huu ndipo utaelewa: nimevunjika mkono wa kulia, na daktari kaufungua jana tu. Kumwambia Odon aniandikie sikutaka, angetia mizaha yake humo ukapata ugonjwa wa moyo. Na simu ya dukani kupigia meli, wamesema haiwezekani. Nisamehe, roho yangu.

Na usianze kusema "si nilikuambia". Sikuanguka kutoka juu ya farasi. Subiri nisimulie kwa mpangilio.

Barua yako ya Baba na mtoni ilifika tarehe mbili. Nilikuwa jikoni, nimeshakata kamba ya kumfunga Mazette kwa ajili ya Lambert. Nimesema nimeshaikata. Nilisoma nimesimama. Nikaisoma tena. Kisha nikakimbia, mimi na magoti haya, mpaka bandani, mnyororo wa baba yako ulikuwa pale pale kwenye msumari wake, umeanza kushika kutu.

Asubuhi ya sikukuu Odon aliufunga kwenye mkanda wa Mazette, akaning'iniza kipande cha gogo mwishoni, ukaachwa uburuzike nyuma yetu. Nikapanda na kofia ngumu kichwani, mtiifu kana kwamba wewe ndiye uliyenizaa. Nikasema, "Haya mama, twende." Mazette akapiga hatua, mnyororo ukalia. Sikio moja likarudi nyuma. Likatulia pale. Akatoa pumzi ndefu kupitia puani, Rémy, kama mtu aliyekuwa ameizuia tangu Februari, na akaenda.

Akaenda! Tulipita kijiji kizima kwa makelele kama wafungwa wametoroka. Mbwa wote walitufuata. Kila kona aliizungukia mbali, taratibu, asije akagongesha gogo, na pale kwa mwokaji mkate alizunguka mbali mpaka tukaingia bustanini mwao, kabichi tatu zimekwenda. Nitazilipa kwa furaha.

Kanisani walikuwapo farasi wa mjini wenye matandiko yanayong'aa, miguu kama fito. Mazette akasimama katikati yao, nao wakaonekana kama mbuzi. Padri akatumwagia maji, akauona mnyororo. Midomo yake nilisoma vizuri safari hii: "Na huu wa nini, Mélanie?" Nikamwambia, "Huo ni Anselme, baba." Akaumwagia na wenyewe, mara mbili. Kisha mkate uliobarikiwa, nusu nikala mimi, nusu Mazette, na Lambert alikuwa pale pembeni. Akavua kofia akaniuliza kama bado ninafikiria kuuza. Nikamwambia kama ana haja ya kushika makalio aende akajaribu kwa padri. Alicheka, kusema kweli. Si mtu mbaya, biashara yake ndiyo mbaya.

Tukarudi. Njia ya msituni, ile ya juu, kwa sababu sikutaka ifike mwisho. Jua lilikuwa limetoka kidogo, majani yote chini ni mekundu, na mimi niliongea naye njia nzima, nilimwambia mambo ya miaka yote, kuhusu Anselme, kuhusu wewe, kuhusu nilivyokuwa msichana. Niliimba pia. Sikuwa nimeimba tangu mazishi. Alikwenda mwendo wake ule wa kazi, mgongo unanibembea, na kila kona akaizungukia mbali.

Nilipofika nyumbani Odon alikuwa getini. Akatazama nyuma yangu, akasema, "Umeuacha wapi mnyororo?"

Nikageuka. Haukuwapo. Ulikuwa umefunguka, sijui wapi, sijui tangu lini, na masikio yangu haya hayakuniambia kitu. Lakini ya kwake ni mazima, Rémy. Yeye alijua. Alijua nyuma hakuna kitu, na akanileta nyumbani.

Hapo ndipo nilipovunjika mkono. Niliteremka kwenye mkokoteni ninalia na kucheka kwa pamoja, sikutazama ninapokanyaga. Odon aliniokota. Na ulikosea, hakucheka kwanza. Alilia naye, bwege mkubwa, kisha ndipo akacheka.

Mnyororo aliupata kesho yake chini ya miti ya ile njia ya juu, karibu kabisa na kanisa. Yaani njia yote ile tulikuwa wawili tu. Nimeurudisha kwenye msumari wake.

Wiki tatu hizi nimempanda kwa mkono mmoja, usimwambie daktari. Majani makavu Odon anayabeba, mimi namlipa kwa keki ya sukari, na amenenepa kuliko farasi. Mazette bado anasimama mara moja moja na kutazama nyuma. Namwacha atazame. Akimaliza, tunaendelea.

Njoo Pasaka. Mgongo ule unatosha watu wawili.

Mama yako