Maji ya Bomba kwenye Tangi la Mjomba

Jumatano, 10 Desemba

Nimefuta kioo, nimelisha samaki, nimepima chumvi. Gramu thelathini na tano kwa lita, kama mjomba anavyotaka. Maji yamepungua kwa joto, nikaongeza jagi moja la maji ya chujio. Jagi moja tu. Maji hukauka, chumvi haikauki. Mjomba alinirudilia hilo mpaka nikalikariri kama sala.

Yuko Dodoma kikazi mpaka Jumamosi ya wiki ijayo. Tangi kaniachia mimi, si anti, mke wake, wala Glori binti yao. Likiwa salama, Januari ananipeleka Tanga kwa rafiki yake anayezalisha matumbawe na samaki wa bahari, nikajifunze kazi wakati nasubiri matokeo ya kidato cha nne. Likiharibika narudi Sanya Juu kwa ng'ombe wa baba. Hilo la ng'ombe hakulisema mjomba. Alilisema anti.

Anti hanipendi. Mimi pia simpendi. Basi, nimeliandika.

Ijumaa, 12 Desemba

Kesho asubuhi jumuiya ya kanisa inasali hapa kwetu. Mapazia yamefuliwa, makochi yamesogezwa, hata mbwa ameogeshwa. Anti akasimama mbele ya tangi, tambara begani.

"Ndeshi, hili linanuka. Na huu weupe kwenye kioo ni nini, ukoko?"

Nikasema ni chumvi.

"Wageni watasema tunafuga samaki kwenye maji ya kufulia."

Glori hakuinua hata macho kwenye simu. "Mwache, mama. Hao ndio wanawe. Mama Samaki."

Sikujibu. Huwa sijibu. Maneno hunijia nikiwa nimeshafika jikoni, na jikoni hakuna wa kumwambia.

Weupe nimeufuta. Matumbawe yamefunguka vizuri leo, hasa lile laini, limetanuka kama kiganja. Wao hawaoni. Wanaona ukoko.

Jumamosi, 13 Desemba

Siku mbaya.

Asubuhi anti alinituma Bomang'ombe kwa dada yake nikachukue maziwa ya chai ya wageni. Niliporudi walikuwa wameshaanza kuimba. Nikapita sebuleni nimeinama na dumu langu. Nikaona tangi linang'aa. Maji yamejaa mpaka ukingoni, safi kama ya kunywa. Kwa muda mfupi nililiona zuri.

Kisha nikaona matumbawe yote yamejifunga. Kamba mwekundu amelala ubavu. Kiti cha pweza, yule wa mikono mitano, ameachia kioo na kulegea chini.

Wao wanawaombea wagonjwa, mimi nimepiga magoti upande wangu na kipimo. Ishirini na mbili. Nikapima tena. Ishirini na mbili. Maji yananuka dawa ya bomba, ile klorini.

Sala ilipoisha nikauliza, "Anti, nani kaweka maji?"

"Unaniuliza mimi? Tangi amekabidhiwa nani?" Akawageukia akina mama. "Mnawaona watoto wa siku hizi? Anaharibu, halafu anatafuta pa kutupia."

Wakaguna, wakaendelea na chai. Chai ya maziwa niliyoyabeba mimi.

Jioni nikamsikia anti akiongea na mjomba kwa simu kwenye korido. "Mpwa wako ameua samaki wako." Baadaye mjomba akaniandikia: Toa waliokufa. Pandisha chumvi polepole. Tutaongea nikirudi.

Tutaongea. Nilianza kumjibu kwamba si mimi, nikafuta. Sikuona kwa macho yangu. Nitasema nini?

Jumapili, 14 Desemba

Sikwenda misa. Nilisema naumwa, na si uongo.

Nimewatoa waliokufa. Kamba. Konokono wote. Kiti cha pweza aliniyeyukia mkononi kama uji. Wakiachwa humo wanaoza na kuwaua waliobaki. Wamebaki samaki wawili wa rangi ya chungwa, wamejibanza nyuma ya jiwe, wanahema haraka. Matumbawe mawili magumu yamebaki mifupa mitupu. Mengine sijui.

Nikakoroga chumvi ya bahari kwenye ndoo, iliyobaki inatosha. Naimimina kwa kikombe, napumzika, naimimina tena. Miili yao imeshajaa maji ya bomba. Ukiwarudisha kwa haraka unawaua mara ya pili.

Glori akaja na pakiti ya chumvi ya jikoni, ameshaikata mdomo. "Si chumvi tu inatakiwa? Mimina yote tumalize. Sebule inanuka kama soko la samaki."

Alikuwa ameshainamisha mkono. Nikampokonya. Kwa nguvu. Tulishtuka wote wawili. Ile ina madini joto na haina vingine vya baharini, lakini sikuweza kueleza. Nilisema tu, "Usiguse."

"Mchawi wa samaki wewe," akasema. Lakini aliondoka.

Jumanne, 16 Desemba

Mama Rita, jirani wa jumuiya, amekuja kuchukua sufuria lake. Anti alikuwa kwenye kochi anachambua maharage. Mimi niko kwenye ndoo yangu. Mama Rita akachungulia kwenye kioo.

"He, mbona wamebaki wawili? Na vile ulivyowaogesha Jumamosi?" Akanigeukia mimi. "Mimi nilifika wa kwanza, mwanangu. Nikamkuta mama mwenye nyumba kapandisha kitenge, anatoa maji machafu kwa ndoo, anaweka masafi kwa mpira. Nikamwambia, leo hata samaki wanaungama."

Akacheka peke yake. Anti aliendelea na maharage. Aliokota moja, akalitazama, akalirudisha.

Mama Rita akachukua sufuria akaaga.

Nilidhani nitajisikia nafuu. Sikujisikia nafuu. Nilitaka kummwagia anti ndoo yote kichwani. Alijua tangu Jumamosi. Alijua akiwa ameshika simu. Naandika hivi ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba sikuwa na hasira.

Nikangoja aseme neno. Akauliza kama mkaa umebaki.

Jumatano, 17 Desemba

Hakumpigia mjomba. Nimemsikiliza siku nzima.

Chumvi ishirini na saba. Tumbawe laini limefunikwa utando, kama maziwa yaliyolala. Glori anasema nitupe. Sitatupa. Mchana umeme ulikatika, pampu zikanyamaza. Nikachota maji kwa jagi na kuyamimina kutoka juu ili yapate hewa, chota, mimina, mpaka umeme uliporudi. Mkono unauma kushika kalamu.

Glori alipita mara mbili. Hakusaidia. Nawachukia wote wawili.

Alhamisi, 18 Desemba

Anti alikwenda Kibosho kwa bibi, mama yake mjomba, kupeleka vitu vya Krismasi. Akarudi kabla giza halijaingia. Nilikuwa jikoni namenya ndizi. Akaingia, akafunga mlango, akanyoosha mikono miwili. Ameshika jani la isale.

Nilijua ni nini. Kila mtoto wa mlimani anajua. Linaota kwenye mipaka ya vihamba, mashamba yetu ya migomba, na mtu akikukosea akaja nalo kuomba msamaha, hulikatai. Hata kama mliuliana ng'ombe. Na ukishalipokea, neno limeisha. Hulibebi tena kwenda kulisema kwa mtu.

Alitazama chini. Nadhani alimweleza bibi, na bibi akalikata mwenyewe. Ncha ilikatwa sawasawa, kwa kisu cha bibi.

Nilitaka aseme kwa mdomo wake. Nilitaka aseme mbele ya wale akina mama. Badala yake kaniletea jani, na mjomba anarudi keshokutwa, na sasa siwezi kumwambia.

Nikanawa utomvu wa ndizi. Nikalipokea kwa mikono miwili.

"Asante, anti."

Kisha nikaenda bafuni nikafungua maji nikalia. Sikulia kwa kusamehe.

Ijumaa, 19 Desemba

Nimepima. Nimemimina. Sijaongea na mtu.

Mjomba kaniandikia anaanza safari alfajiri. Nikamjibu, safari njema. Mara tatu niliandika mengine, mara tatu nikafuta. Nimelipokea. Basi.

Jumamosi, 20 Desemba

Amefika jioni. Shikamoo, marahaba, begi likabaki mlangoni. Akaenda moja kwa moja kwenye tangi, akainama, akakaa hivyo muda mrefu. Anti alisimama na sinia la chai. Glori alizima televisheni.

"Ndeshi, ilikuwaje?"

Nikanyamaza.

"Nakuuliza wewe. Ilikuwaje?"

Nikanyamaza. Kisha akainuka, na akaliona. Asubuhi nilikuwa nimelitia isale kwenye glasi ya maji na kuliweka juu ya kifuniko cha tangi. Isale halifichwi. Hakuna anayekataza mahali pa kuliweka.

"Hili kalileta nani?"

"Anti."

"Kampa nani?"

"Mimi."

Kwetu aliyekosa ndiye anayeleta. Mjomba hakuhitaji kuambiwa hilo. Alimtazama mkewe mpaka vikombe vikaanza kugongana kwenye sinia. Hakufoka. Afadhali angefoka.

Akakunja mikono ya shati. "Mama Glori, weka chai hapo. Niletee ndoo ya chumvi."

Aliileta. Ni nzito, na hakuna aliyempokea. Mimi pia sikumpokea.

Wakati tunakoroga mjomba akasema kwa sauti ya chini, "Begi la Tanga uanze kuliandaa." Akaendelea kukoroga. Niliitikia kwa kichwa, nadhani aliniona.

Jumapili, 21 Desemba

Tumerudi kutoka misani. Thelathini na mbili. Samaki wamekula.

Mchana mjomba na Glori wamelala. Nikiwa kwenye tangi, anti akaja na jagi la maji ya chujio. Akasimama pembeni yangu. Kiwango kimeshuka kidogo, hata yeye anakiona sasa.

"Niweke?"

"Bado, anti. Kesho, chumvi ikipanda."

Akaliweka jagi mezani, akalifunika kwa sahani vumbi lisiingie. Hakuondoka mara moja, wala mimi sikumwambia aondoke. Bado simpendi. Tulisimama tukawatazama wale samaki wawili wakipita mbele ya kioo, mmoja nyuma ya mwenzake.