Cheti cha Ayikoru kilichokataa mhuri

Leo Jumanne, na mvua ya Arua imeanza asubuhi na bado haijachoka. Nimekaa barazani kwa dada yangu hapa Ediofe, mtoto amelala mapajani, simu naishika kwa mkono mmoja. Nikikosea maneno mnisamehe. Kiswahili hiki nilikikuta kwa wakwe zangu Koboko, nyumba ya mzee aliyekuwa askari, ambako hata kuku wanafukuzwa kwa Kiswahili.

Naandika kwa sababu nikisema kwa mdomo nitalia, na Ayikoru ataamka.

Baba yake yuko Kanada, mwaka wa pili sasa. Ametuombea viza sisi wawili tumfuate. Maombi ya mtoto yamekubalika, maana cheti cha kuzaliwa kina jina la baba. Yangu yamekwama, maana kwa karatasi mimi si mke wa mtu. Ng'ombe walifika kwetu Manibe, wazee walikula, mama yangu alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Lakini hakuna aliyeandika kitu. Ng'ombe hawana mhuri.

Basi ikaamuliwa mtoto atangulie. Atakwenda na wifi yangu Rose, dada ya mume wangu, ambaye amepata kazi kule ya kutunza wazee na tiketi yake imeshakatwa. Mimi nitafuata. Lini, usiniulize.

Ayikoru ana miaka mitatu. Jina lake kwa lugha yetu maana yake ni furaha.

Asubuhi Rose na mimi tulipanda Arua Hill kwa wakili. Si wakili wa kesi tu, huyu ni notari, yule ambaye mhuri wake hata nchi za nje wanauamini. Kijana mpole, shati limepigwa pasi vizuri. Juu ya meza yake kuna kichuma kama cha kutoboa karatasi, ila hakitoboi, kinaiuma karatasi na kuacha alama ya duara unayoweza kuipapasa kwa kidole.

Alianza na barua ya ruhusa. Akanisomea polepole: mimi, mama mzazi wa mtoto huyu, nakubali asafiri bila mimi, akae na baba yake. Akaniangalia.

"Mama, iko mutu anakulazimisha?"

Nikasema hapana. Na kweli, hakuna mtu. Ningemtaja nani? Nikatia sahihi. Kile kichuma kikauma karatasi mara moja tu, kwaa, imekwisha.

Kisha akaomba cheti cha kuzaliwa, cha asili, ili athibitishe kwamba nakala ni sawa nacho. Nikakitoa kwa fahari. Jamani, kwa fahari kabisa! Maana nilikitunza. Nilipokipata tu nilikwenda kwa yule wa fotokopi pale sokoni Koboko, akakipitisha kwenye mashine ya moto, kikatoka kimefungwa ndani ya plastiki ngumu inayong'aa. "Mama, hii sasa haikufi," aliniambia. Nilimwamini. Cheti changu mwenyewe cha praimari seveni kililiwa na mchwa ndani ya sanduku, wakabakiza ukingo tu, na leo nikisema nilisoma, nani atajua? Nilisema mtoto wangu haitampata hiyo. Mvua isimpate, mchwa wasimpate, uji wake mwenyewe usimpate.

Wakili akakigeuza mbele, akakigeuza nyuma. Akakipapasa. Akakiinua kwenye mwanga kama daktari.

"Hii nani aliifunika?"

"Ni mimi."

Akatueleza bila ukali. Nakala yeye anaweza kuigonga, lakini kule Kampala, wizarani, lazima na wao waweke alama yao juu ya karatasi yenyewe, na karatasi iliyo ndani ya plastiki wanairudisha. Hawawezi kuipapasa wajue ni ya kweli. Nikamwomba ajaribu tu hapo hapo, labda itakubali. Akajaribu, naona alinihurumia. Kichuma kikateleza. Hakukubaki hata alama ya kucha.

Karatasi ya kunitenganisha naye ilikubali mhuri mara moja. Karatasi inayosema nilimzaa ndiyo iliyokataa.

Nikauliza kama plastiki inaweza kuchunwa. Wakili akasema, ukiichuna, jina la mtoto litatoka nayo. Njia ni moja, kurudi Koboko kuomba kingine, na kingine kinakuja wakati kinapotaka.

Rose alishika kichwa. "Huyu wifi yangu iko na mapenzi mingi kuliko akili! Cheti unafunga kama nyama ya kukausha?" Mwenyewe akacheka, kisha hakucheka tena, kwa sababu tiketi yake haingoji. Yeye akishaondoka, mtoto hana wa kwenda naye.

Tulipokuwa tunatoka, wakili akauliza ndoa yetu tulifanya namna gani. Nikasema ya ng'ombe. "Lakini hiyo pia inaandikishwa, mama. Wazee wa pande mbili wanaenda gombolola, kwa ofisi ya tarafa, wanasema walichokiona." Nikasimama mlangoni kama mjinga. Miaka yote hii, hakuna aliyetuambia. Lakini wazee wa Manibe na wazee wa Koboko mpaka wakubaliane siku, Rose atakuwa ameshazoea baridi ya Kanada.

Sasa nakiri kitu ambacho sikumwambia Rose.

Wakili aliposema kinarudishwa, nilifurahi.

Ilikuwa kidogo tu, kama mtu aliyeiba sukari akaificha chini ya ulimi. Tuliposhuka kilima mvua inatupiga, Rose akilalamika, mimi nilikuwa nahesabu moyoni: basi haendi. Basi bado wangu. Nilimshukuru yule wa fotokopi na mashine yake.

Lakini tulipofika hapa nyumbani, simu ya shemeji yangu, mume wa dada, ikalia mezani. Ayikoru akaacha uji wake akakimbia, mikono imejaa, anapiga kelele, "Baba! Baba!" Haikuwa baba. Ilikuwa mtu wa kununua mihogo. Mtoto hakujali. Aliibusu simu ile ile, akamsalimia mtu wa mihogo, akamwambia ana kiatu kipya.

Shemeji alicheka sana. Mimi nilikwenda nyuma ya jiko.

Kila simu kwake ni baba. Hajui kwamba baba ana mikono.

Kwa hiyo kesho nitarudi Koboko. Nitaomba cheti kingine, nitakaa kwenye benchi lao mpaka wanichoke, na kikitoka nitakiweka wazi ndani ya bahasha, kama wakili alivyosema. Mchwa na wajaribu. Pia nitapiga magoti mbele ya baba mkwe nimwambie habari ya gombolola, labda anajua ni nani na nani waliowaswaga wale ng'ombe mpaka Manibe, na wangapi bado wana nguvu ya kutembea.

Siwezi kumzuia, na siwezi kumpeleka. Ninachoweza ni kutafuta karatasi.

Mvua imeongeza baridi. Nimemfunika kitenge changu, nikaanzia miguuni, maana huyu miguu ikipata baridi anaamka akilia, na ukianzia juu anakitupa chote. Hilo haliko kwenye cheti, wala kwenye barua niliyotia sahihi leo.

Huko Kanada nani atajua kwamba anaanziwa miguuni?