Mota Uliyoondoka Nayo

Baba Neema uliyeko Arusha,

Umeniletea ombi kwa mdomo wa dereva wa lori, nami nakujibu mbele ya watu, kwa barua hii ya wazi. Nimelipima jambo hili sana kabla ya kuandika, na bado sina hakika kwamba ninatenda haki. Nina hakika tu kwamba sitaki kunong'ona tena.

Unakumbuka tulivyoitoa mota ile ya umeme kwenye shimo la pampu, katika shamba la ngano lililoachwa kule Oldeani? Ilikuwa imelowa ukungu wa miaka, kibati chake cha maelezo kimeng'oka, nyaya sita zikitokeza bila alama hata moja. Tuliibeba hadi kwa mama yako, kule Endamarariek, tukaiweka karibu na mafiga ikauke polepole. Mama akaizunguka akisema, "Mgeni gani huyu, hali wala hasalimii?" Ukacheka hadi ukakaa chini. Nilikupenda siku ile, na sioni sababu ya kuficha.

Ilipokauka, nilizitafuta jozi za nyaya kwa betri na balbu ya tochi: balbu ikiwaka, nyaya hizo mbili ni za koili moja, yaani mzingo mmoja wa waya ndani ya mota. Kisha, kwa kipimo cha mshale nilichotoka nacho chuo kikuu, nikatambua upi ni mwanzo wa kila koili na upi ni mwisho. Nikazifunga nyuzi za sweta, nyekundu kwa mianzo, nyeupe kwa miisho. Wewe ulichonga kitako cha mbao ngumu ya mti wa loliondo, ukatoboa matundu marefu ili mota isogezwe na mkanda ukazwe. Kitako kilikuwa kizuri. Sitakunyima sifa yako. Tulipoiunganisha na jenereta ya misheni katika karakana yetu ya useremala pale Karatu, msumeno ulipita kwenye ubao kama kisu kwenye boga lililochemshwa.

Majirani wakaja kutazama. Mmoja akauliza, "Fundi, nani kazifunga nyaya hizi?"

"Nani tena? Mimi. Mama Neema alikuwa anachemsha chai."

"Basi chai hiyo ina umeme!" akadakia mwenye duka, na karakana nzima ikaangua kicheko.

Nami nikamimina chai. Nilidhani utalirekebisha baadaye, tukiwa wawili. Hukulirekebisha, na kadiri miaka ilivyopita nilianza kushuku kwamba wewe mwenyewe umeusadiki uongo wako. Uliponiacha, ulipakia mota kwenye lori, ukazikata nyuzi zangu kwa kisu. "Mapambo ya kike hayo," ulisema.

Sasa dereva ananiambia: "Shemeji, mwenzio anasema inanguruma tu, haizunguki, na ukiigusa inachoma. Keshapokea kazi ya madawati ya shule nzima, mwalimu mkuu hampi usingizi. Anauliza nyaya zinakutana vipi. Ila anaomba isijulikane."

Isijulikane. Neno hilo ndilo lililonikalisha mezani.

Maelezo yake yananitosha. Koili moja umeifunga kinyume, mwanzo mahali pa mwisho. Ni ipi, haijulikani mpaka zipimwe. Waweza kukisia, lakini vanishi inayokinga koili zile ni kuukuu, na kila ukikosea inaungua zaidi. Katika uhaba huu, ambapo hata sabuni tunaipangia foleni, hutapata mota nyingine.

Kwa hiyo ilete Karatu siku ya mnada, mchana, uishushe mbele ya wale wale waliocheka. Nitazipima nyaya na kuzifunga, nawe utasema kwa sauti ni nani aliyezifunga mara ya kwanza. Kisha uichukue. Siitaki.

Najiuliza kama ninachokitaka ni ukweli au ni kukuona ukitokwa jasho. Nimejaribu kuyatenganisha mambo hayo mawili, nikashindwa. Watoto wa shule hiyo wanaokaa sakafuni hawajanikosea lolote, na hilo linanisumbua. Lakini halijanisumbua kiasi cha kulegeza sharti langu.

Ukiamua kutokuja, angalau usiiwashe tena. Siku utakaponusa harufu kali ya vanishi ikiteketea, itakuwa imekufa, nami sitaweza kuifufua. Na kama ningeweza, Baba Neema, siamini kwamba ningejaribu.

Safari njema, kama utasafiri.

Aliyekuwa mke wako,
Mama Neema