Kaka, Umande Sasa Unaonekana

Kaka yangu mpendwa,

Uliniambia nikuite siku nitakapouona umande. Nimeuona, Kaka. Nimeuona asubuhi, kwenye jani la mgomba, ndani ya skrini, hapa hapa Kasulu. Nikageuza kichwa mlangoni ili nikuite, mdomo tayari nimeufungua, ndipo nikakumbuka kwamba huu ni mwaka wa sita tangu tukuzike. Basi nakuandikia. Ahadi yangu niitimize hivi.

Sijui kama wewe mwenyewe uliikumbuka siku ile. Tulikuwa kwenye banda lako la gemu, lile la mabati karibu na stendi, mimi bado na sare ya shule. Ulikuwa na televisheni ya chogo, zile za zamani zenye mgongo mnene, iliyopenda rangi ya kijani kuliko rangi nyingine zote, na mashine ya gemu iliyokataa kusoma CD mpaka uigeuze juu chini. Kazi yangu ilikuwa kuzisugua CD zilizochubuka kwa dawa ya meno, na nilijiona fundi mkubwa. Wachezaji wa mpira kwenye ile gemu hawakuwa na vidole. Mikono yao ilikuwa mabonge, nyuso zao zimepigwa pasi, na uwanja wote ulikuwa zulia moja la kijani. Nikakucheka. Nikasema hata mimi kwa kipande cha mkaa ningewachora vizuri zaidi.

Hukukasirika, na wewe ulikuwa mwepesi wa kukasirika. Uliweka pedi ya kuchezea chini ukaniambia, "Mdogo wangu, hapa tumeanza tu. Iko siku gemu itaonyesha mpaka umande kwenye jani. Siku hiyo uniite, hata niwe wapi."

Halafu kulikuwa na ule mwaka ulipokwenda Kibondo kutafuta maisha. Ulinisimulia mara ngapi sijui, na kila mara nilicheka upya. Chogo umeifunga kitenge cha Mama, umeibana kwenye baiskeli kwa mipira, unaisukuma hadi Mabamba siku ya soko. Watu wa huku na wa ng'ambo ya mpaka wamekuzunguka. Umeme wenu ulitoka kwenye jenereta ile ile ya mashine ya kusaga, na kila mwenye mashine alipomimina mahindi, picha ilisinyaa pembeni zote mpaka wachezaji wakabaki ukubwa wa siafu. Ukawa unamsihi mzee wa watu asimimine debe jingine mpaka penalti ipigwe. Naye, ulisema, alisubiri, kisha akaja kuuliza kama imeingia.

Ungeiona mashine yangu ya sasa, Kaka, ungekaa chini kwanza. Nachora ramani za nyumba siku hizi. Mteja anakuja na kiwanja chake Kasulu, Kibondo au kwingineko, namchorea nyumba yake kabla hata tofali halijafyatuliwa, anaingia sebuleni na kuzunguka kwa kutumia pedi, kama ile yako. Kwa kazi hiyo nilihitaji kadi ya grafiki, kile kipande kinachofanya hesabu za picha ndani ya kompyuta. Niliipata ikiwa imeshatumika. Ni nzito kama tofali bichi, ina feni tatu, na ikipata kazi ngumu inatoa joto la kukausha nguo. Nimeiweka dirishani, baridi ya kwetu iisaidie.

Nilidhani naijua. Kwa miezi niliitumia kuchora vigae na madirisha ya alumini. Kisha, kati ya kazi na kazi, nikaanza kuitumia kuchora kilima chetu cha Muyama, kidogo kidogo, kwa kumbukumbu na kwa picha za simu. Nikapanda migomba, nikaweka kahawa nyuma ya jiko na ile njia inayopinda kwenye jiwe ulipovunjia jino. Asubuhi ile nikaiwasha kwa ubora wa juu kabisa, nikaliambia jua litoke.

Sina maneno mazuri ya jambo hili, vumilia. Zamani mwanga kwenye gemu ulipakwa tu, rangi ya njano hapa, nyeusi pale. Sasa mashine inaufuata mwanga wenyewe. Inauliza kila mwale umetoka wapi, umegonga jani gani, umechukua kijani kiasi gani kabla ya kuangukia ukuta wa udongo. Inauliza hivyo mara nyingi kuliko mtu anavyoweza kuhesabu, kisha inaanza upya kabla hujapepesa jicho. Ukuta wa jikoni kwa Mama ulikuwa na ukijani hafifu kwa sababu mgomba ulikuwa karibu. Mimi sikuupaka. Nilikaa nao utoto wangu wote na sikuwahi kujua kwamba upo. Nikasogea karibu na jani, na pale ukingoni lilikuwapo tone, na ndani ya tone kilima chote kimepinduka, na nyumba yetu ndani yake ndogo kama punje ya ulezi. Nililia. Nakwambia ukweli, nililia kwa ajili ya tone la maji ambalo halipo.

Na wanasema kadi hizi bado ni za kitoto. Zijazo zitachora kwa wembamba ambao jicho halitaweza tena kuutofautisha na dirisha. Tayari hii yangu inachora picha moja, inaruka, inachora nyingine, na ile ya katikati inaikisia yenyewe. Inakisia kitu ambacho hakikuchorwa, na inapatia. Hilo linanitisha kidogo na linanifurahisha sana.

Mama alikuja mjini wiki hiyo kuuza maharage. Nikamketisha mbele ya skrini, chai mkononi. Sasa sisi wachoraji huwa tunaweka mtu kwenye picha ili mteja aone urefu wa mlango, nami nilikuwa nimeweka mzee mmoja mwenye fimbo, amesimama njiani. Mama alipomwona aliweka chai chini. Akashuka kwenye kiti, akakunja magoti, akapiga makofi taratibu, akamwamkia kwa Kiha, "Mwidiwe." Akatulia kusubiri aitikiwe. Unamjua Mama na salamu. Aliinua tena mikono, akarudia kwa sauti zaidi, akidhani mzee ana shida ya masikio. Mzee alipepesa macho tu, maana nilimpa macho ya kupepesa. Mama akanigeukia, bado yuko sakafuni.

"Nimemkosea nini?" akauliza.

Nilimwinua, nikamweleza, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa pembe ya kanga. Nilicheka naye. Kisha akaitazama ile njia kwa muda mrefu, na nikajua kinachokuja kabla hajasema. Akauliza, kama mashine imeweza kukitoa kilima hivi, itashindwa kukutoa wewe? Nikamwambia haitashindwa. Akasema atarudi Jumamosi.

Nilikuchora siku tatu, Kaka. Nina picha zako nyingi kuliko nilivyojua. Nikaweka kovu la kidevuni, jino lililovunjika, ile fulana yako ya bluu iliyopauka mabegani. Pale ambapo picha zilikosa, mashine ilikisia. Ilikisia unavyoegemea mguu mmoja. Sikuiambia hilo, naapa. Ijumaa mchana nilikusimamisha njiani mahali pa yule mzee, jua likapita kwenye sikio lako na sikio likawa jekundu kama masikio ya watu walio hai. Nikasimama nikaenda nje. Nilirudi, bado unanitazama.

Nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuieleza, nikitamani Jumamosi ifike. Nikawa napanga pa kumketisha Mama, nikajaribu kumwona atakavyokuona. Hapo ndipo nikakwama. Yule mzee, Mama alimsalimu kwa sababu mzee ni mkubwa. Wewe ni mwanawe. Wewe ndiye wa kuanza. Mama angekaa pale mikono mapajani, ametulia, anasubiri mtoto wake amsalimie. Na wewe ungepepesa macho. Angesubiri mpaka lini?

Ningeweza kukupa sauti. Tunayo sauti yako kwenye ile simu ya zamani, unamkaripia mtu aliyeangusha pedi. Mashine ingekisia sauti ya salamu pia, nina hakika ingepatia. Nilikaa na wazo hilo jioni nzima na mkono wangu haukuenda.

Jumamosi nikamwambia Mama kila kitu. Nikamwambia, "Yuko tayari, anafanana na Kaka mpaka inauma, ila hawezi kukusalimia. Akikuamkia, nitakuwa nimemsemea mimi. Uamuzi ni wako, Mama." Alikunja kanga yake, akaikunjua.

"Mwanangu hakuwahi kusimama mbele yangu bila kunisalimia," akasema. "Mtoe hapo. Iache njia."

Nikageuza skrini upande wangu, nikakutoa mbele yake bila yeye kukuona. Nikafungua kilima, njia ikiwa wazi na mlango wa jiko umesukumwa. Tulikitazama wote wawili mpaka jua la ndani ya mashine likazama na la nje bado lipo. Nilimsogezea lile tone kwenye jani, nikamsimulia ulivyotabiri bandani. Akanyoosha kidole, akaligusa kioo, akakitazama kidole kama kimelowa. Akasema tu kwamba ulisema, na kumbe ulikuwa unajua.

Ulijua, Kaka. Watu walikuona mpiga soga wa banda la gemu, hata mimi nilikucheka. Natamani ungekuwa hapa unisimange kwa hilo, unisimange siku nzima. Nimechoka kushangaa peke yangu.

Umande upo, nimekuita kama tulivyokubaliana. Kati yetu wawili mdogo ni mimi, kwa hiyo wa kuanza ni mimi. Nimekunja magoti hapa dirishani, feni zinavuma.

Mwidiwe, Kaka.

Mdogo wako, msugua CD